Kwa nini mashabiki wa rock and roll hurudi Clear Lake kila Februari

Clear Lake ni mji mdogo katika jimbo la Iowa, Marekani. Wakazi wake hawafiki 8,000, na ukifika mwezi wa Februari ziwa lililoupa mji jina huganda kiasi kwamba watu wanatembea juu yake na kurusha tiara. Siyo msimu ambao mtu mwenye akili zake angepanga kwenda kutalii huko.

Lakini mwanzoni mwa Februari wageni hufurika. Wengi umri umeshakwenda, nywele nyeupe, wengine wamekuja na watoto na wajukuu. Wote wanaelekea jengo moja linaloitwa Surf Ballroom, ukumbi wa dansi unaobeba watu kama 2,100, na kwa siku kadhaa wanacheza zilipendwa za rock and roll zinazopigwa laivu, usiku hadi usiku.

Tamasha hilo linaitwa Winter Dance Party. Jina hilo ni la zamani kuliko waandaaji wenyewe: lilikuwa jina la ziara ya muziki ya mwaka 1959. Wanamuziki watatu wa ziara hiyo walipiga shoo kwenye jukwaa hilo hilo usiku wa Februari 2, na saa chache baadaye walikuwa wamekufa kwenye ajali ya ndege.

Ndege ndiyo inayotajwa kila mara. Ila ukitaka kuelewa kilichotokea, na kwa nini watu bado wanakwenda pale, anza na basi.

Walikuwa akina nani?

Kwa msomaji ambaye majina haya ni mageni, tuseme kwa ufupi.

Buddy Holly, kijana wa Lubbock, Texas, alikuwa na miaka 22. Ndiye yule wa miwani mizito myeusi. Wakati waimbaji wengi walikuwa wanapewa nyimbo zilizotungwa na watu wengine, yeye alitunga, aliimba na alipiga gitaa mwenyewe akiwa na kundi lake, The Crickets. Vijana wa Liverpool waliokuja kuitwa The Beatles walilichagua jina lao la mdudu kwa kuwaiga hao Crickets, na wimbo wa kwanza waliowahi kurekodi, mwaka 1958 kabla hawajawa na jina hilo, ulikuwa wa Holly.

Ritchie Valens alikuwa na miaka 17 tu. Jina lake halisi ni Richard Valenzuela, mtoto wa familia yenye asili ya Mexico huko California. Wimbo wake "La Bamba" ulikuwa wimbo wa asili wa Veracruz alioubadilisha kuwa roki, na aliuimba kwa Kihispania, lugha ambayo mwenyewe hakuizungumza vizuri. Alikuwa na miezi michache tu kwenye umaarufu.

Wa tatu ni J.P. Richardson, 28, mtangazaji wa redio wa Beaumont, Texas, aliyejulikana kama The Big Bopper. Alikuwa jamaa wa vichekesho, sauti nzito, wimbo mmoja mkubwa uitwao "Chantilly Lace", na mke mjamzito nyumbani.

Kwenye msafara huo walikuwemo pia Dion na kundi lake The Belmonts, na mwimbaji Frankie Sardo.

Miji 24 kwa siku 24

Ziara ilianza Januari 23, 1959 mjini Milwaukee. Mpango ulikuwa miji 24 kwa siku 24, katikati ya majira ya baridi, katika majimbo ya kaskazini ambako baridi haina huruma.

Ukiangalia ratiba yake kwenye ramani unaweza kudhani imechorwa na mtoto. Mji mmoja uko magharibi, wa kesho yake mashariki, halafu unarudi tena ulikotoka. Aliyeipanga aliangalia ukumbi gani uko wazi siku gani, basi. Suala la watu kulala wapi au kusafiri umbali gani halikumhusu. Wanamuziki walikuwa wanalala ndani ya basi, kwenye viti, wamevaa nguo walizopigia shoo.

Na mabasi yenyewe yalikuwa mabovu. Yalibadilishwa mara kwa mara kwa sababu kila moja lilikuwa linaharibika njiani, na hita ndiyo ilikuwa inakufa kwanza. Usiku wa kuamkia Februari 1, wakitoka Duluth, basi lilizimika barabarani karibu na mpaka wa Wisconsin na Michigan. Kulikuwa na baridi ya karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Walichoma magazeti ndani ya basi ili wapate joto. Carl Bunch, mpiga ngoma wa Holly, miguu yake iliganda na akalazwa hospitali. Shoo ya mchana iliyokuwa ifuate ikafutwa.

Sasa jiulize: kwa nini msanii mwenye nyimbo zinazopigwa redioni nchi nzima akubali maisha kama hayo?

Jibu ni hela. Holly alikuwa ameachana na meneja wake, Norman Petty, mwishoni mwa 1958, na fedha zake nyingi zilikuwa bado zimeshikiliwa upande wa meneja huyo. Alikuwa amemuoa Maria Elena miezi michache nyuma, Agosti 1958, na alikuwa mjamzito. Kodi ya nyumba New York haisubiri kesi iishe. Akakusanya vijana wa kumpigia, mmojawapo rafiki yake Waylon Jennings ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza gitaa la besi, wakaingia barabarani.

Shoo ambayo haikuwemo kwenye ratiba

Hapa ndipo pananishangaza kila ninaposoma habari hii. Clear Lake haikuwemo kabisa kwenye ratiba ya mwanzo. Februari 2 ilikuwa siku ya wazi. Wangeweza kulala, kufua, kumsubiri mpiga ngoma. Waandaaji wakaona siku hiyo inapotea bure, wakampigia simu meneja wa Surf Ballroom, naye akakubali kuwapa ukumbi.

Tiketi iliuzwa dola 1.25. Vijana zaidi ya elfu moja walijitokeza usiku wa Jumatatu, na waliokuwepo wanasimulia kwamba ilikuwa shoo ya nguvu, bila dalili yoyote kwamba waliokuwa jukwaani hawajalala vizuri kwa siku kadhaa.

Shoo iliyofuata ilikuwa Moorhead, Minnesota, zaidi ya kilomita 580 kutoka hapo. Holly hakutaka tena kuliona lile basi. Alikodi ndege ndogo kutoka mji jirani wa Mason City: afike mapema, alale kitandani, apeleke nguo za wenzake kwa dobi. Ndege ilikuwa Beechcraft Bonanza ya mwaka 1947, viti vinne pamoja na cha rubani. Nauli: dola 36 kwa kila abiria.

Viti viwili vilivyobaki vilikuwa vya wapigaji wake, Jennings na Tommy Allsup. The Big Bopper alikuwa na mafua makali, akamwomba Jennings amwachie kiti. Jennings akakubali. Holly aliposikia alimtania kwamba anamwombea basi lao ligande tena, na Jennings akamjibu kwa utani kwamba yeye anaiombea ndege yao ianguke. Jennings alikuja kuwa nyota mkubwa wa muziki wa kantri, lakini alisema maneno hayo yalimtesa kwa miaka mingi.

Valens naye alikuwa anambembeleza Allsup. Kwa simulizi ya Allsup, walirusha sarafu, Valens akachagua kichwa, akashinda. Dion ana simulizi tofauti: anasema yeye alishapata nafasi, lakini akakumbuka kuwa dola 36 ndiyo kodi ya mwezi mzima ambayo wazazi wake walikuwa wakilipa, akaona ni anasa, akamwachia Valens. Wazee hawa wamebishana juu ya sarafu hiyo maisha yao yote. Allsup alifariki 2017, na hakuwahi kubadilisha maneno yake. Alifikia hata kufungua baa huko Texas aliyoipa jina linalotokana na sarafu hiyo.

Ndege ilianguka kwa sababu gani?

Iliruka kabla ya saa saba usiku, Februari 3. Haikumaliza hata dakika kumi. Asubuhi mwenye kampuni, baada ya kuona hakuna taarifa, alirusha ndege nyingine kuitafuta na kuyaona mabaki kwenye shamba, kilomita zisizofika 10 kutoka uwanjani. Wote wanne walikuwa wamekufa.

Uchunguzi wa serikali ulimtaja rubani, Roger Peterson, kijana wa miaka 21. Lakini ukisoma sababu moja moja unaona mlolongo.

Usiku ule theluji ilikuwa inadondoka, hakuna mwezi, na chini ni mashamba matupu yasiyo na taa. Katika hali hiyo rubani haoni mstari unaotenganisha mbingu na ardhi. Anabaki kuamini vifaa vilivyo mbele yake. Peterson hakuwa na cheti cha kuruka kwa kutegemea vifaa, na alishawahi kufeli jaribio lake. Kampuni yenyewe iliruhusiwa kurusha ndege kwa kuona kwa macho tu.

Zaidi ya hapo, kifaa cha kuonyesha mkao wa ndege kilichokuwa kwenye Bonanza hiyo kilikuwa cha aina tofauti na alichozoea. Kilionyesha kupanda na kushuka kinyume na kile alichojifunzia. Wachunguzi waliona kwamba huenda aliamini ndege inapanda kumbe inashuka. Iligonga ardhi kwa kasi ya kama kilomita 270 kwa saa, bawa la kulia likitangulia. Na tahadhari za hali ya hewa zilizokuwa zimetolewa usiku huo hakupewa.

Kijana aliyekuwa kazini tangu mchana, kampuni isiyo na ruhusa ya safari ya aina hiyo, abiria waliokuwa tayari kupanda chochote mradi siyo basi. Mimi sioni jinsi lawama zote zinavyoweza kumwangukia mtu mmoja.

Jioni hiyo hiyo, shoo iliendelea

Watu wengi wanadhani tamasha la kwanza la kuwakumbuka lilifanyika miaka mingi baadaye. Kwa kweli lilifanyika siku ile ile.

Basi lilifika Moorhead likiwa na waliobaki, na ndipo wakapata habari. Shoo haikufutwa. Tiketi zilishauzwa. Redio ya eneo hilo ikatangaza kwamba vinahitajika vipaji vya hapo hapo kuziba pengo, na kundi la wanafunzi kutoka Fargo, ng'ambo ya mto, likajitokeza. Halikuwa hata na jina. Walijipa jina wakati mshereheshaji anawauliza awaite nani. Mwimbaji wao alikuwa Robert Velline, miaka 15, aliyekuwa anazijua nyimbo za Holly kwa kichwa.

Dunia ilikuja kumfahamu kama Bobby Vee, na mwaka 1961 alikuwa na wimbo namba moja Marekani. Alirudi kuimba Surf Ballroom mara kadhaa kabla ya kufariki mwaka 2016.

Ziara nayo iliendelea na waimbaji wa kuazima hadi katikati ya Februari.

New York, Maria Elena alipata habari za kifo cha mumewe kwenye televisheni. Muda mfupi baadaye mimba ikaharibika. Kisa chake hutajwa mara nyingi inapoelezwa kwa nini vyombo vya habari husubiri familia ijulishwe kwanza ndipo majina ya waliokufa yatangazwe.

Mke wa The Big Bopper alijifungua mtoto wa kiume miezi michache baadaye. Mtoto huyo, Jay, alikua akimjua baba yake kwa sahani za santuri tu. Alipokuwa mtu mzima akavaa koti kama la baba, akaimba nyimbo za baba, na akapanda jukwaa lile lile la Clear Lake akijiita The Big Bopper Jr. Mwaka 2007 aliomba kaburi lifukuliwe ili mtaalamu achunguze uvumi uliokuwa unazagaa, ukiwemo wa risasi ndani ya ndege. Jibu lilikuwa wazi: baba yake alikufa papo hapo kwa kuvunjika mifupa, hakuna risasi. Jay alifariki mwaka 2013.

Tamasha lilivyoanza na linavyoendeshwa

Kwa miaka 20 Surf Ballroom uliendelea na dansi zake kimya kimya. Mwaka 1971 Don McLean alitoa "American Pie", wimbo mrefu uliokumbusha ajali hiyo na kuipa jina linalotumika hadi leo. Filamu ya maisha ya Holly ikafuata mwaka 1978. Mwaka 1979 mtangazaji mmoja wa redio wa eneo hilo akaandaa usiku wa kumbukumbu ya miaka 20 palepale ukumbini. Watu wakaja wengi, na tangu hapo ikawa desturi ya kila mwaka.

Wanaopanda jukwaani ni wa aina tatu. Kuna wakongwe wenyewe wa miaka ya 50 na 60, ambao kila mwaka wanapungua. Kuna wanamuziki waliolelewa na nyimbo hizo: mwaka 2009, kumbukumbu ya miaka 50, walikuwepo Graham Nash, Los Lobos na The Crickets wenyewe. Na kuna wanaopiga kopi, waliovaa miwani ile ile na kushika gitaa lile lile.

Hao wa kopi watu huwadharau. Binafsi naona wana kazi ngumu kuliko wote, kwa sababu ukumbini kuna wazee waliosikia sauti halisi wakiwa na miaka 16, na kosa la sekunde moja wanalijua.

Je, wanaomba ruhusa kwa nani? Marekani, ukumbi ndio unaolipia leseni kwa vyama vya hakimiliki, na hela inakwenda kwa mtunzi na kampuni inayomiliki wimbo. Kwa nyimbo nyingi za Holly, kampuni hiyo ni ya Paul McCartney wa Beatles, aliyezinunua haki zake katika miaka ya 1970. Kutumia jina na sura ni jambo jingine. Mwaka 1987 jimbo la Texas lilipitisha sheria inayowapa warithi haki ya kusimamia jina na sura ya marehemu kwa miaka 50, na wengi huiita sheria ya Buddy Holly. Kwa hiyo maonyesho makubwa ya biashara, kama lile la mwaka 2019 lililomrudisha Holly jukwaani kwa taswira ya mwanga, yanapita kwanza kwa warithi.

Clear Lake halina mbwembwe za namna hiyo. Ukumbi wenyewe, uliojengwa upya mwaka 1948 baada ya ule wa kwanza kuungua, bado una minazi iliyochorwa ukutani na mawingu yanayopita kwenye dari, ili mtu wa Iowa ajione yuko ufukweni. Kwenye chumba cha wasanii, kuta zimejaa sahihi za waliopita hapo. Tangu 2021 jengo linatambuliwa na serikali kama alama ya taifa ya kihistoria.

Wanaokwenda kwenye tamasha hupita pia shambani. Pembeni ya barabara kuna miwani mikubwa ya chuma, na ukiifuata njia ya miguu katikati ya theluji unafika kwenye gitaa la chuma na santuri tatu zilizowekwa na shabiki mmoja mwaka 1988. Santuri tatu, za waimbaji watatu. Alama ya rubani Roger Peterson haikuwepo pale hadi mwaka 2009.